Uzio Unaocheza

Saa tatu na robo asubuhi, orofa ya nne karibu na stesheni ya Gare du Nord, Sumaya Kassimu anagonga uzio kwa lori. Anarudi nyuma, anagonga tena.

Usishtuke, lori liko kwenye kompyuta. Sumaya, miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, analipwa kutafuta kasoro katika michezo ya video kabla haijauzwa. Kwa siku hugonga kuta mia mbili. Zamani alisafisha ofisi miaka tisa, ikiwemo hii hii.

"Watu wanafikiri nacheza," anasema kwa Kiswahili cha Buyenzi kilichochanganyika na Kifaransa. "Kucheza wapi! Bon, hii kazi inavunja mugongo."

Mchezo anaoukagua safari hii una sheria kibao: peleka unga kijijini, fuata barabara, ukichelewa pointi zinakatwa. Lakini mwezi uliopita, nyuma ya kinu, uzio ulimpisha. Akatumbukia kwenye bonde ambalo mafundi hawakulimaliza, pasipo saa wala pointi. Lo! Wachezaji wa majaribio walikwishamtangulia. Wametelekeza unga, wanashindana kuteremka mlima kinyumenyume, na wameozesha mbuzi wawili kwa honi za shangwe.

Sumaya alicheka mpaka machozi. Kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake: akanyamaza. Siku tisa hakuripoti, na usingizi ukamruka. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, na kuficha kasoro kunatosha kumfukuzisha kazi.

Siku ya kumi uzalendo ukamshinda. Akaandika kwamba uzio una "jeu", neno la mchezo ambalo Wafaransa hulitumia pia kwa kitu kilicholegea. Mkuu wake, Pieter, akamwita.

"Baba alikuwa fundi baiskeli," Sumaya anasimulia alivyojitetea. "Kwetu gurudumu likilegea tunasema linacheza. Donc, ukikaza mpaka lisicheze hata kidogo, halizunguki. Nikamwambia, Pieter, wewe umekaza sana!"

Pieter hakukubali. "Mchezo bila sheria ni fujo," anasema. "Mtu atajuaje kama ameshinda?" Hata hivyo anakiri kuwa aliingia bondeni akikusudia kukaa dakika tano tu, akatoka saa ya chakula imepita.

Uzio unazibwa Jumatatu. Sumaya inamuuma, wala hafichi. Amepewa onyo la maandishi na, ajabu, nafasi moja: kufikia Ijumaa aeleze kwenye ukurasa mmoja sehemu ya kucheza bila masharti ingekuwa na nini. Wakuu wakiridhika, mkataba utaongezwa naye ataingia kwa wabunifu wa michezo. Wasiporidhika, anarudi kwenye ndoo na fagio.

Ameandika na kufuta mara sita. Leo ukurasa una neno moja.

"Mupira," anasoma. "Mumoja tu. Hayo mengine wachezaji watajua wenyewe."