Bidoni la Maziwa

Siku hizi nikiona bidoni, dumu dogo la njano, nacheka kwanza, halafu nalitikisa nisikie kama lina kitu ndani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, pale Karuba, kijijini kwetu, askari wa kulinda amani walipopiga kambi kilimani juu ya shamba letu. Walitoka ng'ambo, nchi ambayo Baba hakuweza hata kuitaja vizuri. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, alipenda maziwa yetu kupita kiasi. Mama akampa bidoni la kubebea.

Kesho yake alilirudisha limeoshwa kwa sabuni, halina kitu ndani. Mama alilinusa, akashika kiuno.

"Mutoto yangu, kwetu chombo ya mwenyewe hairudiake mutupu. Weka hata kiazi moja!"

Nilimfafanulia kwa mikono, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Tangu siku hiyo bidoni lilirudi na biskuti, au chumvi, na mara moja soksi za kijani ambazo Baba alizivaa kanisani mpaka zikatoboka. Tulimtania sana. Mama akimwita mwanawe, alisimama wima kama anayevishwa cheo. Nilimpenda kama kaka, nasema wazi.

Halafu doria yao ilishambuliwa kwenye barabara ya Mushaki, naye akauawa. Siku ya tatu mwenzake alishuka kilimani na mkalimani wao. Alimkabidhi Mama bidoni kwa mikono miwili, huku analia. Lilikuwa tupu.

Nilikasirika. Hata leo naona haya kwa hasira ile. Nani angemfundisha, na katika siku kama hiyo? Mama hata hakulitazama.

"Mwili yake inarudi kwao?" aliuliza.

Mkalimani akaitikia: ndege itaupeleka. Mama akaingia ndani, akatoka na maharagi ya mbegu, yale tuliyoyaweka kwa ajili ya kupanda wiki ile, akalijaza bidoni mpaka shingoni.

"Mama! Tutapanda nini? Na kwenye avion watayatupa!"

"Nyamaza. Mama yake alitutumia mutoto muzima. Unataka tumurudishie sanduku tu?" Akamgeukia askari, akimwita baba kwa heshima. "Peleka, papa. Umuambie ni ya mama wa Karuba."

Yule askari alilipakata kifuani hadi kambini. Msimu ule tulipanda mbegu za kuomba kwa jirani, nami nilinuna mpaka mavuno.

Mama aliaga dunia akiamini kwamba maharagi yake yaliota huko. Mimi sijui kama yalifika. Ila sasa mwanangu mwenyewe yuko mbali, na kila nikichagua mbegu namwaza yule mama wa ng'ambo; pengine alifungua bidoni, akaona maharagi tu, na hapakuwa na mtu wa kumweleza. Natamani kumwambia: zilikuwa mbegu, mama, na hatukuwa na nyingine.