Chungu cha Kwanza cha Felista

Rut alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kijiji chetu cha ufukoni mwa ziwa, na kama unadhani mfinyanzi ni mtu mpole kwa kuwa anabembeleza udongo kutwa, basi hukumjua Rut. Aliutukana udongo tangu unapochimbwa hadi unapoingia motoni. Kiboko akichomoza karibu na ufuko, Rut alimfokea mpaka kiboko akazama zake. Kanisani alisinzia kabla mhubiri hajafungua Kitabu, kisha akagutuka na kuitikia "Amina!" pasipo na Amina. Lakini sisi watoto hakutuchapa hata siku moja, nami nampenda kwa hilo mpaka leo.

Tulikuwa wawili kwake. Mimi, Elizabeth, wazazi wangu walizama ziwani. Felista aliachwa na msafara wa watumwa, akaokotwa kando ya njia, mdogo hata asijue kwao ni wapi. Mdachi alikuwa amekwisha kuikataza biashara ya watumwa, ila midomo ya watu hakuikataza: walimwita "mtoto wa njiani". Rut hakuwa na mume wala shamba la kuturithisha. Alitufundisha kufinyanga, na neno moja alilolirudia mpaka tukalichoka: "Chungu hakiulizi baba yako nani. Kimejaa, au hakijajaa."

Maana kwetu Wakisi chungu hakikuwa na bei nyingine. Mnunuzi anakijaza nafaka mpaka mdomoni. Nafaka inakuwa yako, chungu kinakuwa chake, mnaagana.

Felista alipofika miaka kumi na miwili hivi, alifinyanga chungu chake cha kwanza cha kuuza. Kilikuwa chungu cha pombe, kikubwa kupita vyetu vyote, chenye shingo nyembamba.

"Mtu akikijaza hiki," aliniambia, "nani ataniita tena mtoto wa njiani?"

Nilimwonea wivu, sifichi. Rut alikigonga chungu kile kwa kucha mara moja, akanyamaza. Rut kunyamaza! Ningeshtuka pale pale kama ningekuwa na akili.

Tukapakia mtumbwi, tukaenda gulioni upande wa Ikolo. Hatujakaa sana, akaja Asajile, ndugu wa jumbe, tumbo mbele na wapagazi nyuma wakimbebea makapu matano ya mahindi. Akakipenda chungu cha Felista papo hapo. Kila mtu gulioni aliona kwamba chungu cha ukubwa ule kinameza makapu yote matano. Asajile akamimina mawili, bila hata kuchungulia ndani, akakung'uta mikono.

"Ndaga," akashukuru, kama vile mambo yamekwisha. "Mtoto asiye na ukoo, nusu inamtosha."

Watu wakajifanya wanapanga bidhaa zao. Ndugu wa jumbe hajibiwi hovyo. Mimi nilijitazama vidole vya miguu, na Rut alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi ya kuanza matusi, Felista akamtangulia. Alipiga magoti kwa adabu kama tulivyolelewa, lakini mikono yake ilikuwa imekikumbatia chungu.

"Tata," alisema, kama tunavyowaita akina baba, "unanunua chungu, hununui ukoo. Na chungu hakijajaa."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wote. Asajile akageuka kutafuta wa kumkemea, akakuta hata wapagazi wake wameziba midomo.

"Jazeni!" akafoka. "Makapu yote!"

Wakamimina kapu la tatu. Kabla hata halijapungua sana, mahindi yakafurika mdomoni na kumwagika chini. Watu wakachungulia, wakatazamana. Ndipo nikajua Rut alisikia nini alipokigonga: kumbe Felista, kwa kuogopa chungu kisipasuke motoni, alikuwa amekitia kitako kinene kama kizingiti cha mlango! Alikuwa amepigania konzi chache tu za mahindi.

Gulio zima lilipasuka kwa kicheko. Asajile alicheka mpaka akafuta machozi, na hasira zote zikamtoka. Akalishika lile kapu akamwagia Felista salio lote kwenye kaniki yake.

"Pole, binti. Chukua na haya, ukale."

Nikamshukuru Mungu. Nyumbani tulikuwa na wiki mbili tunakunywa uji mwembamba, na macho ya Rut yalikuwa yanang'aa waziwazi. Felista alikuwa analia kwa aibu. Akainuka, kamasi na machozi vikimtiririka, akayarudisha mahindi yale kapuni, hata punje zilizoshikamana na nguo akazibandua moja moja.

"Chungu kimejaa, Tata. Haya ni yako."

"Haki niliwafundisha mimi," Rut alininong'oneza kwa uchungu, "lakini siyo kiasi hiki, jamani!"

Asajile aliacha kucheka. Akatugeukia sisi, akauliza, taratibu na kwa heshima, kama mtu anayeulizia ukoo wa mchumba: "Huyu ni binti wa nani?"

"Wangu!" alijibu Rut kwa hasira, akiyatazama mahindi yakiondoka.