Mizani ya Nusu Msimu

Timu yangu iliwekwa ya nne, na sitaki kulizungumzia. Nataka kumzungumzia aliyeiweka hapo.

Yeye ni karani wa mizani ya malori katika ghala la nafaka. Anakaa kwenye kibanda chenye dirisha moja. Lori likipanda juu ya chuma anaandika uzito, likishashusha mzigo linapanda tena, anaandika uzito mwingine, anautoa huu kwenye ule, anagonga muhuri. Miaka kumi na tisa kazi ni hiyohiyo. Madereva wamemwita mama, dada, malkia, hata mchumba, na bado kilo zikipungua anaandika zimepungua. Siku moja shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja, alipita na lori la tajiri wake, akaomba aandikiwe kilo mia mbili za upendo. Akajibiwa, "Mizani haina shemeji." Tangu hapo tukamwita Mizani, na jina alilopewa na wazazi wake siku hizi lazima uliite mara mbili ndipo aitike.

Tuko wanawake wanane. Zamani tulikuwa timu moja ya mpira wa kikapu, na miili ilipostaafu midomo ilikataa. Ndiyo maana tuna ligi. Ipo kwenye kompyuta ya Mizani, ile iliyong'oka kitufe kimoja. Kila mmoja wetu ana timu yake, na wachezaji wake hawapo popote duniani. Kila mchezaji ana umri, urefu, na namba zinazosema anarushaje, anakimbiaje, ana pumzi kiasi gani. Sisi tunachagua nani aanze, nani akae benchi, na nani acheze dakika ngapi. Jioni nne kwa wiki Mizani anabonyeza, kompyuta inamaliza mechi nzima kabla hujapiga chafya, na matokeo yanaingia kwenye simu zetu. Mume wangu huniuliza kwa nini nawakasirikia watu ambao hawajazaliwa. Namwambia hata yeye hugombana na watu wa kwenye taarifa ya habari, nao hawamsikii.

Ligi ilipoanza, kila mmoja aliruhusiwa kumuumba mchezaji mmoja kwa mfano wake mwenyewe, kama alivyokuwa ujanani. Tulidanganya. Mimi nilijiongezea urefu wa shibiri nzima. Lakini msimu mmoja wa kompyuta ni mwaka mmoja wa mchezaji, na ile programu haina huruma: ukishapita miaka thelathini, namba zako zinaanza kuteremka. Wa kwangu nilimstaafisha msimu wa tisa. Nililia kidogo, nikasajili mwingine.

Aliyekataa kumstaafisha wa kwake ni Nahodha. Huyu ndiye dada yake Mizani, amempita miaka mitatu, ndiye aliyekuwa kapteni wetu, na sasa ana duka la rangi. Timu yake inaitwa Rangi Mbichi. Namba saba wake aliingia kwenye ligi akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa huyo Nahodha hakudanganya hata kidogo. Ndivyo alivyokuwa kweli. Sijapata kuona mtu mwingine anayepenya katikati ya walinzi wawili namna ile. Sasa tuko msimu wa kumi na nne, namba saba ana miaka thelathini na mitano, na Nahodha bado anamchezesha dakika thelathini na tisa kila mechi. Kwenye benchi yuko msichana wa miaka ishirini mwenye namba za kutisha, anaota ukungu.

Tukifika mechi ya ishirini na nane, ambayo ndiyo nusu ya msimu, Mizani hutupima. Hafuati msimamo wa ligi. Msimamo, anasema, unakueleza ulikotoka, na yeye anataka kujua una uzito gani leo. Anakaa na takwimu wiki nzima, anaandika kurasa mbili, na Jumamosi mchana tunajazana sebuleni kwake atusomee, kuanzia timu ya nane hadi ya kwanza. Anayesomewa haruhusiwi kufungua kinywa. Mwalimu, aliyekuwa mrefu kuliko sote, aliwahi kusomewa kwamba ulinzi wake ni mlango wa duka, unafunguka kwa kila mteja. Alimeza mate, akajikaza kisabuni, na Jumatatu yake alibadilisha kikosi kizima. Maneno ya Mizani tunayaogopa na tunayapenda, kwa sababu hana tabia ya kuuma na kupuliza. Akiuma, ameuma.

Isipokuwa kwa mtu mmoja. Kwa misimu minne nimekuwa nikimsikia akifika kwenye Rangi Mbichi na sauti yake inalainika. "Uzoefu wao ni hazina." "Namba saba bado ana mengi ya kutupa." Anawaweka wa tatu, wa pili, msimu mmoja hata wa kwanza, na mwisho wa msimu wanaporomoka. Sote tulijua anampaka dada yake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna aliyesema. Nani anataka kumwambia Nahodha kwamba amezeeka? Mimi nina watoto wa kulea.

Alhamisi kabla ya kupimwa, Mizani alikuja kwenye cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo, ana kawaida ya kupita akitoka kazini. Safari hii hakukaa. Alinipa karatasi, akasimama akitazama gauni lililokuwa limening'inia ukutani.

Nikasoma. Ya nane ilikuwa timu ya Muuguzi, hilo halikumshangaza mtu, Muuguzi husahau kupanga kikosi akiwa zamu. Ya saba: Rangi Mbichi.

"Wewe," nikasema, "kwenye msimamo wao ni wa tatu! Ushindi kumi na saba!"

"Kumi na moja kati ya hizo ni kwa pointi chini ya nne. Na nyingi ni za mwanzo wa msimu."

"Waweke wa nne. Mimi nishushe wa tano, nitavumilia."

Hakucheka. Mimi nilikuwa natania nusu tu.

"Imebaki nusu ya msimu tu," akasema. "Asipomwingiza yule mtoto sasa, msimu ukiisha programu yenyewe itamstaafisha namba saba, na atabaki na mtoto ambaye hajawahi kucheza. Namwona kila jioni, robo ya nne, anavyoburuzwa. Kisha naandika ni hazina."

"Ni kompyuta, shoga yangu."

"Najua ni kompyuta."

Akavuta kigoda, akaketi, na ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwa nalijua, japo nimecheza naye, nimekula naye, nimezaa tukiwa pamoja. Ilihusu fainali yetu, miaka ishirini na sita iliyopita. Tulishinda kwa pointi tatu. Ile ndiyo mechi ya mwisho Nahodha kucheza, maana goti lake la kushoto lilikatika kano dakika mbili kabla ya filimbi, na hadi leo akipanda ngazi unaweza kuhesabu naye. Sisi tulijua ni ajali, alikanyaga vibaya. Mizani siku ile alikuwa mchezaji wa akiba, ana miaka kumi na tisa, amekaa pembeni ya kocha akiandika madhambi. Wakati wa mapumziko alimkuta dada yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, anafunga goti kwa kitambaa. Goti limevimba. Nahodha akaweka kidole mdomoni. Mizani akarudi kwenye benchi, akakaa ubavuni mwa kocha robo mbili nzima, na hakusema neno.

"Niliogopa," akaniambia. "Unamjua dada."

Namjua. Ningeogopa hata mimi. Lakini nilijisikia vibaya kwa sababu nyingine: lile kombe nililibusu, nikapiga nalo picha, picha iko sebuleni kwangu. Nikamrudishia karatasi yake na sikumshauri kitu. Niliona huruma, na niliona pia kwamba kama angemsomea dada yake vile mbele ya watu, huenda wasingezungumza tena. Nahodha alishawahi kumnunia mama yao mzazi miaka miwili kwa sababu ya pazia.

Jumamosi tukafika wote, na Nahodha akachukua kiti cha karibu na mlango anyooshe mguu. Alikuwa na furaha. Msimamo wa tatu, kwa nini asiwe nayo? Alinitania kwamba timu yangu, Sindano, haichomi siku hizi. Mizani akavaa miwani.

Akasoma ya nane. Muuguzi akacheka mwenyewe. Kisha akasema, "Ya saba. Rangi Mbichi," na Dereva, anayeendesha gari la wagonjwa na haogopi kitu barabarani, akaweka kikombe chini polepole.

Mizani hakunyanyua macho. Alisoma kwa sauti anayosomea uzito wa malori.

"Msimamo unasema ni ya tatu. Msimamo haukudanganya, umechelewa tu. Namba saba ana miaka thelathini na mitano na anacheza dakika thelathini na tisa. Katika robo tatu za mwanzo, nusu ya mipira anayorusha inaingia. Katika robo ya mwisho, mmoja katika mitano. Wapinzani wameshajua, wanamsubiri achoke. Misimu minne nimeandika kuwa hana tatizo, na misimu minne nimeandika uongo. Yeye hawezi kujitoa uwanjani, hakuumbwa hivyo. Anacheza amechoka kwa sababu hakuna aliyemwambia akae."

Nilimtazama Nahodha nikaona shingo imesimama mshipa. Sheria inasema anayesomewa hafungui kinywa, na yeye hakufungua. Mizani akaendelea: ya sita, ya tano, ya nne ambayo sitaki kuizungumzia, hadi ya kwanza, ambayo ilikuwa ya Dereva. Hata Dereva mwenyewe alisahau kushangilia.

Alipomaliza, Nahodha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

Akapewa. Akaisoma aya yake, midomo ikicheza, akairudia. Kisha akasema, "Fungua kikosi changu."

Mizani akaivuta kompyuta. Nahodha akainuka, akaenda akiliburuta lile goti, akainama juu ya bega la mdogo wake. Akamtoa namba saba kwenye watano wa kuanza, akampa dakika kumi na mbili, akamwingiza msichana wa miaka ishirini. Akabonyeza kuhifadhi.

"Haya," akasema, "mmefurahi? Kikongwe yuko benchi. Leteni chai."

Tukapumua wote kwa pamoja. Msema kweli mpenzi wa Mungu, akasema Mwalimu, na Muuguzi akasema kama ndivyo basi Mungu ana wapenzi wachache hapa ndani. Kicheko kikarudi. Watu wakanywa, wakabishana, Dereva akakumbuka kuwa yeye ndiye wa kwanza akatuudhi kwa muda mrefu. Jua lilipoanza kupungua wakaanza kuaga mmoja mmoja, na mimi nikabaki jikoni na Mizani tukiosha vikombe. Nilimwambia, unaona, yamekwisha, na dunia haijapasuka. Akasema ndiyo. Alikuwa akikisugua kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Nahodha akaingia, akaegemea kizingiti cha mlango. Nilidhani amefuata mkoba wake.

"Hiyo sentensi ya mwisho," akasema. "Haikuwa ya kompyuta."

Mizani akafunga bomba. "Hapana, dada."

"Uliliona goti langu siku ile."

"Uliweka kidole mdomoni."

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili! Kidole cha mtu wa miaka ishirini na miwili kimekuwa sheria tangu lini?"

Nilitaka kutoka. Mlango ulikuwa mmoja, na yeye amesimama ndani yake, hivyo nikachukua kitambaa nikaanza kukausha kijiko kimoja kwa bidii kubwa. Nilimsubiri Mizani aseme aliogopa, kama alivyoniambia mimi. Hilo lingeeleweka. Hata Nahodha angelielewa, nadhani alikuwa akilingojea.

Mizani akajipangusa mikono kwenye sketi. "Watu wote niliowahi kuwaambia nimewaambia niliogopa," akasema. "Sikuogopa. Kocha alikuwa hapa, karibu kama huyu fundi. Nilihesabu. Ukikaa, tunapoteza. Ukicheza, tunashinda. Nilitaka kombe, dada."

Nahodha alikuwa akimtazama mdogo wake machoni, na uso wake ulikuwa uleule aliokuwa nao uwanjani akisubiri mpira urushwe. Mizani hakuangalia pembeni. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

"Ungemwambia kocha," Nahodha akasema, "ningekuzaba kibao mbele ya uwanja mzima."

"Najua."

"Na ningekununia mwaka."

"Najua, dada."

"Lakini ningekaa."