Aliyeitika Mferejini

Tope lililolala miaka mingi likifukuliwa lina harufu yake, kama yai viza na chuma chenye kutu. Juzi vijana walikuwa wakizibua mtaro mbele ya duka langu hapa Magongo, harufu ile ikanifikia nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua tu. Ningemwelezaje kwamba nimerudi Mishomoroni, bado mtoto wa darasa la pili, nimesimama kando ya mfereji nikisikia nisichotaka kusikia?

Mfereji wenyewe tuliukuta. Ulitoka kwenye chemchemi, ukateremka, ukapita chini ya kilima kidogo kwa handaki la mawe, kisha ukamwaga maji kwenye mikoko. Ulichimbwa zamani za utumwa, kunyweshea shamba la tajiri mmoja ambaye hata jina lake limesahaulika, na amestahili. Baadaye ukaachwa ukazibwa na takataka, na kila masika maji yakikosa njia yalikuja kulala kwetu, kwani nyumba yetu ndiyo iliyokuwa chini kabisa. Mwaka uliotangulia tulikesha juu ya kitanda, mimi, Mama na kuku, na ukuta wa jikoni ukaanguka. Mama alisema masika mengine kama yale yatatuacha bila nyumba, na hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Ndipo majirani wakaanza kujitolea kuufufua mfereji, kila Jumamosi, bila malipo ila uji. Kiongozi wao alikuwa Bwana Charo, mstaafu wa bandarini, mtu wa sala ndefu; yeye akiomba, uji unapoa. Alikuwapo pia Mwangi, fundi wa mawe aliyetoka bara, na wanawake wengi kuliko wanaume, Mama akiwa mbele yao na karai lake. Tukilalamika kwamba kazi haiishi, alitujibu, "Bandu bandu huisha gogo," na kutuongezea tope la kubeba.

Kazi ngumu ilikuwa lile handaki. Lilikuwa jembamba mno, mtu mzima hakuweza kupenya, kwa hiyo walilizibua kwa miti mirefu, huku na huku. Upande wa juu, penye mdomo wa handaki, palikuwa na mlango wa mbao uliozuia maji ya chemchemi. Kabla ya kuufungua, Bwana Charo aliinamia mdomo wa handaki na kuita, "Huko chini!" Aliyeko upande wa pili aliitika, naye akajua njia ni nyeupe na hakuna mtu ndani. Wanawake waliitika "Abee!", wanaume "Naam!", isipokuwa Mwangi, ambaye tulimfundisha hadi tukachoka, naye bado akaitika "Sema!"

Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua, mbingu ilikuwa nyeusi kuelekea baharini na upepo umekufa kabisa. Hata kunguru walinyamaza. Nilisimama karibu na Bwana Charo. Upande wa chini alikuwa Mwangi peke yake. Bwana Charo akainama, akaita, "Huko chini!"

"Abee!"

Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike, na ilikuja upesi, kama ya mtu aliyekuwa akingoja aitwe. Bwana Charo alishaushika mlango. Akageuka kunitazama, maana alidhani ni mimi nafanya mzaha, akanikuta nimefunga mdomo kwa mikono yote miwili.

Wakati huohuo Mwangi akatokea akipanda kilima, anahema. "Mzee, bado kumeziba. Kuna jiwe katikati. Hata sauti haipenyi."

Bwana Charo aliuachia mlango. Akaita tena, polepole, "Nani yumo?" Ikaja ileile, "Abee!" Nywele zilinisimama, na hadi leo nikisimulia zinanisimama.

Kila mama alianza kumwita mwanawe. Majina yetu yalizagaa Mishomoroni nzima, nasi tukatoka vichakani na majumbani, mmoja mmoja, hadi hapakuwa na mama aliyekosa wake. Tone la kwanza la mvua likaniangukia shavuni. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya mlango, yakianza kufurika kuelekea nyumba za chini, yaani kwetu.

"Fungua, Bwana Charo," mtu mmoja akasema. "Watoto wote tunao."

"Si huyo," akajibu. "Siwezi kumfungulia maji mtoto wa mtu, hata nisiyemwona."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameelekeza macho kwenye paa letu kule chini. Nilitaraji atamfokea Bwana Charo, maana ulimi wake uliogopwa. Badala yake akalitua karai, akapiga magoti topeni, akaingiza kichwa katika mdomo wa handaki. Akasema kwa sauti ileile aliyotuitia sisi jioni tukizidisha michezo:

"Haya, basi! Kazi imekwisha. Waite na wenzio, mtoke mkanawe, mje mle."

Tulingoja. Halikuja jibu. Kikatoka kijiupepo cha baridi, kikapita miguuni petu kwa muda mrefu kuliko upepo mmoja. Mwangi akasukuma mti wake ndani, ukaenda wote bila kugota popote. Labda tope lililegea, jiwe likasogea. Bwana Charo akaita, pakawa kimya, akafungua, na maji yakashuka mpaka mikokoni. Nyumba yetu ilisimama.

Jioni ile Mama alipika sima ya watu wengi, na mchicha, akapanga nje barazani sahani zote tulizokuwa nazo. Nilipouliza wageni ni nani, akaniambia nikalale.

Mwaka jana wanaoutunza mfereji sasa walifumua paa la handaki ili walijenge upya. Nilimpeleka Mama, siku hizi anatembelea mkongojo. Ndani, chokaa ya kuta ilijaa alama za viganja vya walioipaka, na hapakuwa na hata kimoja kilichozidi kile nilichokuwa nacho utotoni. Nikaelewa kwa nini handaki lilikuwa jembamba vile, na ni nani waliotumwa mle. Nililia mbele za watu. Miaka yote nilikuwa nimemwogopa mtoto ambaye hakuna aliyemwambia apumzike.

"Mama," nikamwuliza, "zile sahani za siku ile, ulikuwa umejua?"

"Nijue nini? Mimi niliwaita waje wale," akasema. "Mtoto ukimwita aje ale, akaja, utampa nini? Maneno?"