Nyasi Juu ya Simenti

Katika makao ya wazee pale kwetu Ntobeye, hakuna aliyeogopa mzee kuanguka kama Tecla. Mvua ikinyesha, alimwaga majivu kwenye njia ya chooni kabla mzee yeyote hajatia mguu nje. Kandambili zilizolika soli alizichoma jikoni bila kuomba ruhusa, na vitenge vilivyoburuzika chini alivikunja na kuvishona upindo mwenyewe, mwenye nguo akiwa bado ameivaa. Wazee walimwita Mama Polepole. Mimi, Gaudence, mkata majani wa pale, alinigombeza hata kwa jembe nililoliegemeza ukutani.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Tecla ni mzembe. Alikosea kwa heshima, na mimi nilimsaidia kukosea.

Mwezi wa nane ukumbi mpya ulikamilika, sakafu yake simenti nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na padri akawa anakuja kuubariki. Tecla amekulia Murukulazo, kwenye nyumba ya udongo, ambako mgeni wa heshima alitandikiwa nyasi mbichi sakafuni. Asipotandikiwa, ni kama umemwambia hukuwa na habari naye. Asubuhi ile akaniambia, "Gaudence, nenda kakate zile laini za kule juu. Hatuwezi kumkanyagisha padri simenti tupu." Nikakata mafungu matatu. Kwenye udongo nyasi hushika. Kwenye simenti iliyosuguliwa, nyasi zenye umande huteleza kama ganda la ndizi, na kati yetu wawili hakuna aliyelifikiria hilo.

Bibi Koleta ndiye aliyetangulia kuingia, maana alitaka kiti cha mbele. Ana miaka themanini na kitu, na kila siku alitembea peke yake hadi kwenye migomba nyuma ya jiko, akaikagua, akailaumu, akarudi. Hatua ya tatu alikuwa chini, mkono wa kushoto umevunjika juu kidogo ya kiganja.

Tecla alimketisha, akamfunga mkono kwa kanga. Kisha akazoa nyasi zote, akanirushia dirishani kabla Sista Esperansia, msimamizi wetu, hajafika. Sista alipomuuliza bibi ilikuwaje, bibi akajibu, "Sijui, nimejikuta chini." Kwenye daftari la maanguko, mahali pa sababu, Tecla akaandika kizunguzungu. Akaniangalia. Nikauchuna.

Daktari aliyemfunga bibi hogo la plasta alilisoma neno lile akatoa amri: mgonjwa wa kizunguzungu akae kitini, asitembee. Mkono ulipona kwa wiki sita, lakini amri ikabaki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyabuni maradhi, tukambebesha bibi wa watu.

Basi Bibi Koleta akawa mtu wa barazani, akiitazama migomba kwa mbali.

"Nani anaipalilia?" aliniuliza.

"Mimi, bibi."

"Unaipalilia vibaya. Ule wa pembeni umeinama."

Ulikuwa umeinama kweli. Nikaenda kuuwekea mhimili, nikakaa kulekule muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, kwa sababu niliona aibu kupita tena mbele yake.

Tecla akakonda. Alimchagulia bibi ndizi zilizoiva vizuri, akampaka mafuta miguuni, akashindwa kumtazama usoni. Siku moja aliniambia, "Nikisema nitafukuzwa, na wanangu wako shule." Nami ningeweza kusema. Nilijipa moyo kwamba si mimi niliyeandika, na huo ulikuwa uongo wangu mwenyewe, mbali na wake.

Mwezi wa kumi na moja, Tecla alimwinua bibi kwenda kuoga, magoti yakakunjika. Miguu iliyokwenda migombani kila siku haikuweza kumsimamisha. Tecla akamrudisha kitini, akaenda ofisini moja kwa moja, mikono ina povu la sabuni. Nikamfuata.

"Sista, hakikuwa kizunguzungu," alisema. "Nilitandika nyasi."

"Na mimi nilizikata," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotaka.

Sista alifungua daftari, akampa kalamu. "Futa mwenyewe. Andika ilivyokuwa. Kwa nyasi ningekusamehe siku ileile, Tecla. Lakini wenzetu wa makao ya Nyamahanga wanajenga sakafu kama hii. Nani angewaonya?"

Hakumfukuza. Tecla akasema afadhali angefukuzwa.

Alipiga magoti mbele ya bibi akamweleza yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Miguu ndiyo imezeeka, pua bado. Nilizinusa nyasi."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Ulitandika vizuri, kama kwetu. Ningekushtaki kwa heshima? Tena nilidhani kesho yake utasema mwenyewe."

Tecla akalia, nami nikageukia ukuta.

Daktari ameiondoa ile amri. Sasa kila asubuhi Tecla humshika bibi upande wa kushoto, mimi kulia, tunamsimamisha. Wiki ya kwanza alipiga hatua mbili, jana sita. Kutoka barazani hadi kwenye mgomba wa kwanza ni hatua themanini na mbili. Nimezihesabu mwenyewe, kwa mwendo wake wa zamani.