Pingili Moja ya Safu ya Kwanza

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya dada yangu ilikuwa kuchuma maua ya mihogo na kuyachoma moto. Nyumbani tulimwita Mchuma Maua, na nilipotaka kumchokoza nilimuuliza maua hayo yatamtolea mahari lini. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Saa moja asubuhi alifika shamba la majaribio, akavua viatu vyake getini, akavaa vya pale, akapita safu kwa safu asiache hata ua moja lichanue. Mihogo ile ilikuwa imebadilishwa vinasaba ili isishikwe na ugonjwa unaoozesha mizizi, na sheria haikuruhusu chavua yake ivuke uzio.

Ugonjwa wenyewe ni mnafiki. Majani yanapendeza msimu mzima, ukija kuvuna unakuta ndani ya muhogo ni kahawia tupu. Mimi nalima shamba la marehemu baba, nimekula hasara hiyo misimu mitano mfululizo, na nina watoto wanne. Dada naye alikuwa akivuna mihogo myeupe pee, anaikatakata na kuifukia shimoni, kwa sababu ilikuwa haijaruhusiwa kuliwa.

"Nipe pingili moja tu nikapande, dada," nilimwambia. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Subiri kibali, mdogo wangu."

Kila mwaka kamati ya kutoa kibali ilikaa, wataalamu wakabishana redioni. Hawa walisema bila mbegu hiyo tutakufa njaa, wale wakasema itatoroka ichanganyike na mbegu zetu, tuje tujute. Siwadharau, hoja zao zilikuwa na uzito. Ila wote walikuwa na hakika ya chakula cha jioni, mimi niliwasikiliza tumbo likiunguruma. Mwaka ule tuliambiwa imebaki miezi mitatu uamuzi utoke.

Ndipo dada akaanguka shambani kwa homa. Mlinzi alinipigia simu, nikafika mbio, nikaruhusiwa kuingia kumbeba. Alikuwa amelazwa kivulini mwa kibanda, amefumba macho, mlinzi amekwenda kutafuta maji. Nilikata pingili moja kwa kisu cha mfukoni, nikaificha ndani ya shati. Kisha ndipo nikamwinua dada yangu. Nimeyaandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Getini hawakunipekua, maana nani angempekua mtu aliyebeba mgonjwa.

Wiki iliyofuata mkaguzi alikuta shina limekatwa. Habari ikafika magazetini, na wale waliosema mbegu itatoroka wakapata ushahidi wao. Kamati ikafunga jaribio lote. Dada aliitwa, akaulizwa, akajibu hajui, na hawakumwamini kwa kuwa funguo alikuwa nazo yeye. Kabla ya kumfukuza wakamtaka ashirikiane na wenzake kung'oa shamba zima na kuliteketeza. Alirudi ananuka moshi, akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Miaka kumi na mmoja," akasema. "Sikuacha hata ua moja."

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya choo kumwagilia pingili yangu.

Sikumwambia. Nilijiambia muhogo ukikomaa nitamwonyesha weupe wake, nitawagawia majirani mbegu, naye atanisamehe. Niliona aibu kila alipoondoka asubuhi kwenda kutafuta vibarua na kila aliporudi mikono mitupu. Kwa miezi kumi sikuwa na tumaini lingine ila shina lile, na lilistawi kweli, majani yake mapana ya kijani kibichi.

Juzi nililichimba. Nikamwita dada, nikakata mzizi wa kwanza mbele yake. Ulikuwa kahawia. Nikakata wa pili, nikakata wa tatu.

Aliitazama mihogo ile, akanitazama mimi, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Ulikata safu gani?"

"Ya kwanza, pale kibandani. Ndiyo iliyokuwa na majani mazuri."

"Safu ya kwanza ilikuwa ya kulinganishia," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ile ni mihogo ya kawaida, haikubadilishwa kitu. Mbegu yake niliitoa mwenyewe hapa, shambani kwa baba."

Akanitoa kisu mkononi, akachuchumaa, akaanza kutenga vipande vyeupe vilivyosalia awapikie watoto wangu.