Nilisema Mwenzangu Ndiye Mgonjwa

(Aliyetuandikia ametuomba tufiche jina lake na la kiwanda. Yaliyobaki ni maneno yake mwenyewe.)

Wasomaji wenzangu, barua hii naiandika nimesimama, maana kukaa siwezi. Nikikaa nainuka, nikiinuka nazunguka uani mpaka watoto wananiuliza, mama, unatafuta nini? Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Dodoma, mama wa watoto watatu. Mume wangu alipunguzwa kazini, siku hizi anafyatua matofali Msalato wakimwita. Wasipomwita anashinda na redio yake. Kwa hiyo anayelisha nyumba ni mimi, na mimi mwenyewe mkono unaofanya kazi ninao mmoja.

Huu wa kulia uliingia kwenye mkanda wa mashine pale kiwandani kwetu Kizota, tunapokamua mafuta ya alizeti. Enzi zile kiwanda bado kilikuwa cha serikali. Nikashonwa, na ukiutazama utasema umepona, lakini vidole havishiki. Hata kikombe cha chai kinanitoka. Uongozi wa zamani uliniandikia madai ya fidia ya ulemavu, faili likapelekwa ofisi ya kazi, likalala huko. Kila nikienda naambiwa, "Mama, bodi ya madaktari haijakaa." Mwisho nikachoka kwenda.

Kisha kiwanda kikauzwa. Akaja meneja mpya, kijana mtanashati, mchangamfu, kila asubuhi anatupa mkono mmoja mmoja. Siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Tutabaki na wafanyakazi wazima. Tumenunua kiwanda, hatukununua hospitali." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, huku mkono nimeuficha nyuma.

Basi nikatafuta ujanja. Asubuhi kabla hajanifikia nachovya mkono kwenye mafuta. Akininyooshea wake namwambia, "Samahani bosi, nimechafuka," namtolea kifundo cha mkono, anakishika, anapita. Si ndivyo tunavyosalimiana mtu akiwa na mikono michafu? Tena akanisifu mbele ya watu kwamba mimi ananikuta nimeshaanza kazi wakati wenzangu bado wanapiga soga. Nusura nicheke.

Kazi yenyewe ni kujaza madumu na kukaza vifuniko. Kujaza naweza, nafungua koki kwa mkono wa kushoto. Kukaza ndiko siwezi. Anayenikazia ni Mama Mwajuma (hilo si jina lake), mtu wa Kondoa, dada mkubwa kwangu, tunakaa meza moja. Hakuwahi kuniuliza kitu. Siku moja kifuniko kilinishinda, akalivuta lile dumu akasema, "We jaza, mdogo wangu, mi n'takaza." Tangu siku hiyo anakaza yangu kwanza, ndipo arudi kwenye yake. Matokeo yake madumu yangu yanapangika haraka, yake yanachelewa.

Siku moja mchana Mama Mwajuma alikuwa amekwenda kuswali. Meneja akaja akasimama mezani kwetu, akatazama safu yangu, akatazama ya mwenzangu.

"Huyu mwenzako vipi?" akaniuliza. "Mvivu, au ana tatizo?"

Jamani, nafasi ya kusema kweli nilikuwa nayo. Hata ya kunyamaza nilikuwa nayo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Labda anaumwa, bosi."

Nilidhani namtetea. Mvivu anafukuzwa palepale, mgonjwa angalau anaonewa huruma, ndivyo nilivyojidanganya. Yale maneno ya hospitali nilikuwa nimeyasahau. Au sikuyasahau, sijui. Hapo ndipo usingizi unaponikimbia.

Kesho yake Mama Mwajuma akaambiwa alete cheti cha daktari kabla mwezi haujaisha. Akikutwa mgonjwa, aende nyumbani. Na akikutwa mzima, si ataambiwa kumbe ni mvivu? Kote kote mimi ndiye niliyemfunga.

Na kama vile hayo hayatoshi, ofisi ya kazi nao wakaniita. Bodi inakaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, nisipofika faili langu linafungwa. Karani akanieleza kwamba majibu yakitoka, nakala inakwenda kwa mwajiri. Siku hiyo meneja atajua mgonjwa ni nani, na kazi sina. Fidia yenyewe itatoka lini, karani hajui. Nisipokwenda, mkono wangu umekwenda bure. Nikaomba ruhusa ya Alhamisi kwa uongo, nikasema nakwenda Mvumi kumwona binti yangu shuleni.

Mume wangu nilimweleza yote. Akasema, "We kapimwe upate haki yako. Ya huyo mama yaache, kila mtu ajibebe." Nilikasirika, nikatoka nje nikaanza kufagia uwanja uliokwisha fagiwa. Kumbe ndivyo nilivyokwisha kufanya mwenyewe.

Jana jioni Mama Mwajuma akaja kwangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Akakaa kwenye kigoda, chai hakuigusa. "Kuna mtu kamwambia meneja mi mgonjwa. Simjui, namwachia Mungu. Sasa we si una ruhusa Alhamisi? N'sindikize kwanza hospitali ya mkoa, ndo uende zako Mvumi. Mi madaktari wananitisha. Na we ndo unajua ninavyofanya kazi, ukiulizwa utasema."

Nikamwambia sawa, dada, tutakwenda. Ningesema nini?

Ndugu zangu, hospitali anayoisema ndiyo hiyohiyo bodi inakokaa. Tutaingia geti moja, yeye akathibitishe kwamba ni mzima, mimi kwamba ni mlemavu. Nikimwambia, nampoteza dada, na pengine kazi. Nisipomwambia, atapoteza kazi yeye, tena akinishukuru kwa kumsindikiza. Naomba mnijibu katika toleo lijalo, kabla Alhamisi haijafika. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia, au mngemshika mkono mkaingia naye?